Mwongozo Kamili wa Kuandika Tasnifu ya Sheria: Kuanzia Swali Hadi Siku ya Kuitetea

Kurasa sitini zimejaa, tanbihi zimepita mia, rangi ya jalada imeshachaguliwa, na mwandishi mwenyewe hawezi kukuambia kwa sentensi moja anauliza nini. Tasnifu za namna hii nimezisoma nyingi, na nyingi ziliandikwa na wanafunzi wenye akili na bidii. Walianza kuandika kabla ya kuwa na swali. Mtu asiye na swali hukusanya kila anachokutana nacho njiani: historia ya ndoa tangu enzi za Wajerumani, maana ya neno "haki", ibara kumi za Katiba.

Mwongozo huu ni kwa anayeandika tasnifu ya shahada ya kwanza ya sheria mwaka wa mwisho, au ya uzamili, katika vyuo vya Tanzania. Aliyeko Kenya au Uganda atabadilisha majina ya mahakama na ofisi, kazi ni ileile. Ile Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo sote tunaiita Law School, siizungumzii hapa. Kule unafundwa uwakili; tasnifu unaimaliza chuoni kabla hujafika huko.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mwanafunzi anayetaka kuandika kuhusu mali ya ndoa. Ushauri ukikaa hewani hausaidii mtu.

Swali kwanza

Mwanafunzi huja na mada. "Nataka kuandika kuhusu haki za wanawake katika ndoa." Hiyo ni rafu nzima ya maktaba. Ninamuuliza: haki ipi? Anajibu, ya mali, wanapoachana. Sheria inasemaje? Hapo anafungua Sheria ya Ndoa ya 1971, Sura ya 29, kifungu cha 114, anakuta mahakama imepewa mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa na wanandoa kwa juhudi za pamoja, na kwamba katika kugawa itazame, pamoja na mambo mengine, mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi.

Neno "kazi" linamsimamisha. Je, kupika, kufua na kulea ni kazi kwa maana ya kifungu hiki? Anatafuta, anagundua kuwa Mahakama ya Rufani ililijibu swali hilo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu: ndiyo, kazi za nyumbani za mke ni mchango. Basi mada imekufa? Hapana, ndiyo kwanza inazaliwa. Kujua kwamba kitu ni mchango hakukuambii ni mchango wa kiasi gani. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo amekaliwa mbele na mama aliyelea watoto watano kwa miaka ishirini, hana risiti hata moja, hana hati ya kiwanja. Anampimaje? Anampa theluthi? Nusu? Kwa hesabu ipi? Sasa tuna swali:

"Mahakama za Mwanzo Temeke zinapimaje kiasi cha mchango wa kazi za nyumbani chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa, na je, upimaji huo unaendana na msimamo wa Mahakama ya Rufani?"

Tazama swali lilivyopatikana. Kila jibu lililopatikana kwenye sheria au hukumu lilizaa swali dogo zaidi. Hakuna aliyekaa kitandani akaliota. Jipe wiki mbili kamili kwa kazi hii tu, na usimwonee haya anayekuambia rafiki zako wameshafika sura ya pili.

Ukishapata swali, lijaribu. Jaribio la kwanza: je, kuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kujibu kinyume chako? "Je, rushwa ni tatizo katika utoaji haki?" haina mpinzani, kwa hiyo haina tasnifu. La pili: utafika kwenye ushahidi kwa nauli uliyo nayo? Nimechagua Temeke kwa sababu kuna Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, kilichoanza mwaka 2021, ambapo mashauri ya mirathi na ya ndoa yamewekwa chini ya paa moja, kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anafika kwa daladala. Ukichagua kulinganisha mikoa sita, nani atakulipia basi?

La tatu ndilo linalowaangusha wengi: je, swali limeshafungwa na mahakama ya juu? Bado ninaona mapendekezo ya utafiti yanayouliza kama vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vinavyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18, vinakinzana na Katiba. Mahakama Kuu ilisema vinakinzana mwaka 2016 katika shauri la Rebeca Gyumi, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Kuuliza tena kama vinakinzana ni kugonga mlango ulio wazi. Lakini ukiuliza amri ya mahakama inayolitaka Bunge libadili sheria ina nguvu gani muda uliowekwa ukipita kimya, hapo umepata kazi ya kufanya.

Pendekezo la utafiti

Kila chuo kina fomu yake: usuli, tatizo, malengo, maswali, mapitio ya maandiko, mbinu, mpangilio wa sura. Fuata ya chuo chako neno kwa neno. Chukua kanuni za idara na uzisome kabla ya kuandika hata mstari mmoja, kwa sababu zinataja idadi ya maneno, aina ya mwandiko, upana wa pambizo na mtindo wa tanbihi.

Sehemu ninayoisoma kwanza ni tatizo la utafiti, na ndiyo inayoandikwa vibaya kuliko zote. Wanafunzi wanaandika masikitiko: wanawake wananyanyaswa, sheria haitekelezwi. Tatizo la kisheria lina sehemu tatu tu. Sheria inadai nini. Nini kinaonekana kutokea. Pengo kati ya hayo mawili linaleta madhara gani na nani hajalieleza bado. Kwa mfano wetu ingesomeka hivi:

"Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama izingatie mchango wa kazi na ielekee kwenye mgawanyo sawa. Tangu 1983 Mahakama ya Rufani imetambua kazi za nyumbani kuwa mchango, lakini si kifungu wala uamuzi huo unaotoa kipimo cha kiasi chake. Matokeo yake ni kwamba wanandoa wenye mazingira yanayofanana wanaweza kupata mafungu yanayotofautiana sana kutegemea hakimu. Maandiko yaliyopo yamechambua zaidi hukumu za mahakama za juu. Mashauri ya Mahakama za Mwanzo, ambako wananchi wengi hufikia, hayajatazamwa kwa karibu."

Sentensi tano. Sentensi ya mwisho ni dai zito, usiiandike mpaka umetafuta kweli kwenye hazina za tasnifu za vyuo na kwenye majarida. Ukikuta mtu ameshafanya Temeke, usikate tamaa: soma alichopata, kisha uliza kile ambacho yeye alikiacha.

Maswali ya utafiti yasizidi matatu. Mapitio ya maandiko yasiwe orodha ya "fulani alisema hivi, fulani akasema vile". Wapange kwa msimamo: hawa wanasema tatizo ni sheria yenyewe, hawa wanasema ni mahakimu, hawa wanasema ni ushahidi. Kisha sema wewe unasimama wapi.

Maktaba au uwandani?

Tasnifu nyingi za sheria zinatosha kuandikwa kwa kusoma sheria na hukumu tu, na hilo halizipunguzii hadhi. Ukiuliza maana ya kifungu, jibu liko kwenye maandishi. Ukiuliza mahakama zinafanya nini hasa, itabidi utoke. Ninachokataa ni ile tabia ya kuongeza hojaji hamsini ili tasnifu ionekane ya kisayansi. Umewauliza wapita njia hamsini wa Kariakoo kama sheria ya ndoa inatosha, asilimia 80 wamesema haitoshi. Umethibitisha nini? Tumia nguvu hiyo kusoma majalada.

Kwa swali letu tunahitaji vyote viwili: sheria na hukumu za juu, halafu majalada ya Mahakama ya Mwanzo, na pengine mahojiano na mahakimu wachache.

Kibali kianze mapema, kwani ndicho kinachokula muda kimyakimya. Mwanafunzi wa chuo cha Tanzania huanza na barua ya kibali ya chuo chake. Barua hiyo hupitia ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani, kulingana na unakokwenda. Kwa mahakama, hakikisha barua inaelekezwa kwa uongozi wa mahakama husika, ikitaja wazi unataka kusoma majalada ya aina gani na ya miaka ipi. "Naomba kufanya utafiti" haimsaidii Hakimu Mfawidhi kuamua. "Naomba kusoma majalada yaliyofungwa ya mashauri ya talaka na mgawanyo wa mali kuanzia Januari 2022 hadi Desemba 2023" inamsaidia. Mtafiti kutoka nje ya nchi hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Kenya kibali hutolewa na NACOSTI.

Na kuna suala la siri za watu. Ndani ya majalada haya kuna ndoa za watu, magonjwa yao, watoto wao. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kulinda taarifa hizi ni wajibu wa kisheria pia. Yape majalada alama, T1, T2, T3, na orodha inayounganisha alama na namba halisi za mashauri iweke mbali na rasimu. Majina ya watoto usiyanakili kabisa.

Kusoma hukumu mpaka mstari wa mwisho

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mwanasheria hutofautishwa na wengine kwa jinsi anavyosoma.

Waulize wanafunzi kumi nini kilitokea katika shauri la Bi Hawa Mohamed. Wengi watakujibu kwamba Bi Hawa alishinda, akapewa sehemu yake ya nyumba. Wamesoma muhtasari wa mtu, na huyo naye alisoma muhtasari wa mwingine. Fungua hukumu yenyewe, ipo katika Tanzania Law Reports ya 1983 ukurasa wa 32. Jaji Mkuu Nyalali anaanza kwa kueleza jinsi majaji wa Mahakama Kuu walivyokuwa wamegawanyika kambi mbili, wenye mtazamo mpana wa neno mchango na wenye mtazamo finyu. Anachagua mtazamo mpana. Kazi za nyumbani zinahesabika. Halafu endelea kusoma. Mahakama inatazama kwamba Bi Hawa alikuwa amepewa fedha na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia, na fedha hizo hazikutumika ilivyokusudiwa. Rufaa yake inatupiliwa mbali.

Kwa hiyo mwanamke ambaye jina lake linatajwa katika kila dai la mke wa nyumbani nchini aliondoka mikono mitupu. Kwa swali letu hili ni jambo kubwa mno: mahakama iliyoutambua mchango, palepale katika shauri hilohilo, ikapima mwenendo wa mke katika matumizi ya fedha na kuuweka upande wa pili wa mizani. Je, Mahakama za Mwanzo zinafanya vivyo hivyo? Zinampima mke kwa alichofanya, au kwa alichotumia? Sura nzima ya tasnifu imetoka kwenye kurasa za mwisho za hukumu ambazo watu hawazifikii.

Kila hukumu ifanyie karatasi yake. Andika ukweli wa shauri kwa maneno yako, swali lililokuwa mbele ya mahakama, jibu, sababu za jibu, na yale ambayo jaji aliyasema kwa kupita tu, bila uamuzi kuyategemea. Hili la mwisho ni muhimu. Mtahini akikukamata umelifanya neno la kupita kuwa msingi wa hoja yako, utatota. Chini ya karatasi andika ni hukumu zipi za baadaye zimeifuata, kuitofautisha au kuipinga.

Hukumu za Tanzania zinapatikana bure TanzLII, na za Kenya kwenye Kenya Law. Huko kila hukumu ina namba yake isiyotegemea kitabu, mfano mwaka, kisha TZCA kwa Mahakama ya Rufani au TZHC kwa Mahakama Kuu, kisha namba. Namba hiyo ndiyo uinakili kwenye tanbihi, pamoja na namba ya rufaa na masijala iliposikilizwa. Hukumu za zamani utazikuta kwenye vitabu vya TLR (ile Tanzania Law Reports) na EA (ripoti za hukumu za Afrika Mashariki), na hapo mkutubi wa sehemu ya sheria ni mtu wa kumsalimia vizuri na kumweleza unachotafuta. Wao wanajua rafu ambazo katalogi haizijui.

Kwa upande wa sheria zilizotungwa, angalia toleo. Hukumu nyingi utakazosoma zinanukuu toleo la marekebisho la 2002 au la 2019. Sasa kuna toleo la 2023, lililoanza kutumika mwaka 2025. Usidhani namba ya kifungu imebaki ileile. Fungua uthibitishe, na katika tanbihi ya kwanza taja unatumia toleo gani. Namba ya kifungu ikikosewa katika tasnifu ya sheria, mtahini ataanza kutilia shaka kila kitu.

Na usiishie kwenye kifungu. Hansadi za Bunge zinaeleza wabunge walibishana nini sheria ilipopita. Ripoti za Tume ya Kurekebisha Sheria zinaonyesha nini kilipendekezwa na kikaachwa. Wanafunzi wachache sana wanafika huko, na anayefika huonekana.

Siku za masijala

Umeruhusiwa. Umekaa kwenye benchi la masijala ya mahakama, karani amekuletea mafaili matano yaliyofungwa kwa kamba. Usianze kusoma ovyo. Uwe na jedwali tayari, safu moja kwa kila jambo: alama ya jalada, miaka ya ndoa, mali inayogombewa, mchango uliodaiwa, ushahidi uliotolewa, maneno ya mahakama kuhusu kazi za nyumbani, mgawanyo, kama kulikuwa na rufaa. Jalada la kwanza litakuonyesha safu uliyoisahau. Ongeza, kisha rudi nyuma.

Safu ya "maneno ya mahakama" inakili neno kwa neno. Mahakama za Mwanzo zinaendeshwa kwa Kiswahili, na hazina yako imo ndani ya Kiswahili hicho. Tuseme umekutana na sentensi hii: "Mdai hakuwa na kazi, alikuwa mama wa nyumbani." Isome tena polepole. Sheria inasema mchango wa fedha, mali au kazi. Mahakama ya Rufani inasema kinachofanywa na mama wa nyumbani ni kazi. Na hapa sentensi moja inamwita mama wa nyumbani na papo hapo inasema hana kazi. Hiyo ni nukuu ya kuchambua kwa kurasa mbili. Ukiwa umeandika kwenye daftari lako kwa ufupi tu kwamba "mahakama haikuzingatia mchango", umeitupa.

Mahojiano na mahakimu yaje baada ya majalada, ili uulize jambo ulilokwisha kuliona. "Katika majalada kadhaa nimeona fungu la mke limewekwa chini ya theluthi bila sababu kutajwa, kwa uzoefu wako mahakama hufikiaje kiwango hicho?" Swali la namna hii huheshimiwa. Watumie maswali mapema, fika kwa wakati, omba ruhusa kabla ya kurekodi, na ukikataliwa andika kwa mkono.

Kuandika

Hesabu kutoka mwisho. Chukua tarehe ya kukabidhi, toa wiki mbili za uchapaji na uhakiki wa mfanano, toa wiki nne za msimamizi kusoma rasimu nzima, toa wiki mbili za marekebisho yake. Tarehe unayobaki nayo ndiyo tarehe yako halisi. Kwa wengi huja miezi miwili mapema kuliko walivyodhani.

Usianze na sura ya kwanza. Anza na ile unayoijua zaidi. Kwa mfano wetu ni sura ya sheria, yaani kifungu cha 114 na njia ya hukumu tangu 1983. Ikikamilika, andika sura ya matokeo ya uwandani, kisha uchambuzi, kisha mapendekezo, na utangulizi uje karibu na mwisho ukiwa unajua unawakaribisha wageni kwenye nyumba gani. Ikisiri iandikwe siku ya mwisho kabisa.

Kila aya ibebe hoja moja: dai, sheria au hukumu inayolitegemeza, ufafanuzi wa jinsi inavyolitegemeza, na kinachofuata kwa swali lako. Wanafunzi wanaruka hapo kwenye ufafanuzi. Wananukuu mistari kumi ya hukumu kisha wanaanza aya mpya, kana kwamba jaji ndiye anayeandika tasnifu. Ukinukuu mistari mitatu, wewe andika sita.

Suala la lugha linawasumbua wengi. Tangu 2021 sheria yetu imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na mwaka huohuo Jaji Zephrine Galeba alisifiwa kwa kuandika hukumu ya Mahakama Kuu Musoma kwa Kiswahili. Vyuoni bado tasnifu za sheria huandikwa zaidi kwa Kiingereza. Basi nukuu za majalada ziweke kwa Kiswahili chake ndani ya matini, na tafsiri yako kwenye tanbihi, ikitajwa kuwa ni yako. Usimfanye hakimu wa Temeke azungumze Kiingereza ambacho hakukitamka. Hoja ikikukwama kwa Kiingereza, iandike kwanza kwa Kiswahili jinsi ungemweleza shangazi yako. Ikisimama huko, itasimama popote. Mimi nafikiri tasnifu nzuri ya sheria kwa Kiswahili inawezekana kabisa leo, na chuo chako kikiruhusu, ifikirie kwa uzito.

Tanbihi ziandikwe palepale unapoandika sentensi. Vyuo vingi vinatumia mtindo wa OSCOLA, ulioanzia Chuo Kikuu cha Oxford. Chako kikitumia mwingine, fuata huo. Programu ya bure ya Zotero itakutunzia marejeo, ila hukumu za Afrika Mashariki zikague kwa mkono, kwa kuwa huwa haizipangi sawasawa.

Kuhusu akili mnemba: itakusaidia kusahihisha sarufi, na kama chuo kinaruhusu, itumie kwa hilo na useme umeitumia. Usiiombe ikutafutie hukumu. Mwaka 2023 mahakama ya shirikisho mjini New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hukumu ambazo hazikuwahi kuwepo, zilizotungwa na ChatGPT. Kanuni yangu ni kwamba hukumu ambayo hujaifungua na kuisoma kwa macho yako haiingii kwenye tanbihi.

Tunza nakala. Mwaka niliokuwa naandika ya kwangu nilichomeka flashi kwenye kompyuta ya duka moja la kuchapisha, nikarudi nyumbani nikakuta mafaili yote ya sura ya nne yamegeuka vitu visivyofunguka. Wiki tatu za kazi zilipotea, nikaziandika upya nikiwa nalia. Kila jioni jitumie rasimu kwa barua pepe yako mwenyewe, jina la faili likiwa na tarehe, na dukani peleka PDF peke yake.

Msimamizi

Msimamizi ana wanafunzi wengine kumi na vipindi vya kufundisha. Usimtumie "Shikamoo Daktari, uko ofisini?" kisha ukangoja. Mrahisishie:

"Shikamoo Daktari. Nimekutumia sura ya tatu kwa barua pepe, kurasa 18. Nina mashaka ukurasa wa 9, kama nimeisoma sawa hoja ya mwenendo wa mke katika Bi Hawa. Naomba dakika ishirini wiki hii, siku itakayokufaa."

Ujumbe huo unajibika. Baada ya kila kikao, mwandikie kwa mistari mitano mlichokubaliana. Hiyo inakulinda miezi sita baadaye akiuliza kwa nini uliondoa sehemu fulani. Ukitofautiana naye kwa hoja, mwambie kwa adabu na uje na hukumu mkononi. Wengi wanafurahi kuona mwanafunzi anasimama. Akiwa kimya muda mrefu, mkumbushe mara mbili kwa maandishi, kisha ndipo umwone mratibu wa idara.

Kabla ya kukabidhi

Chapisha nakala ya karatasi na uisome kwa sauti. Makosa ambayo skrini inayaficha, sikio linayakamata. Kagua kila tanbihi dhidi ya chanzo, kila namba ya kifungu, kila jina la shauri. Pitisha kwenye programu ya kupima mfanano ambayo chuo kinatumia, mara nyingi Turnitin, lakini usiabudu asilimia yake. Tasnifu ya sheria lazima inukuu vifungu, kwa hiyo namba inaweza kupanda bila kosa. Na aya moja iliyoibwa na kubadilishwa maneno inaweza kupita chini ya kiwango na bado ikawa wizi. Unajua wewe mwenyewe kipi ni chako.

Mapendekezo yawe machache na yawe na anwani. "Serikali itoe elimu kwa jamii" futa. Andika nani abadili nini: kifungu kidogo kipi kiongezewe maneno gani, au mahakama itoe mwongozo gani kwa mahakimu kuhusu kuandika sababu za kiwango cha mgawanyo. Jaribu kuandika hayo maneno ya kifungu kipya wewe mwenyewe. Utaona ugumu wake, na ugumu huo ndio utakaokufanya ujibu vizuri siku ya utetezi.

Siku ya kuitetea watahini hurudia maswali yaleyale kwa sura tofauti. Swali lako ni lipi? Kwa nini Temeke, na yaliyopatikana Temeke yanasema nini kuhusu kwingine? Kwa nini majalada haya na si yale? Hukumu ipi inapingana nawe zaidi, na unaijibuje? Jiandalie hii ya mwisho kuliko zote. Chagua mwenyewe hukumu inayokuumiza, uitaje kabla hawajaitaja. Usipojua jibu, sema hukuligusa katika utafiti huu na ueleze mipaka uliyoiweka sura ya kwanza. Kubahatisha mbele ya watu waliosoma hukumu hizo kabla hujazaliwa hakufiki mbali.

Marekebisho yao yapange kwenye jedwali la safu tatu: walichosema, ulichobadilisha, ukurasa. Liambatishe unaporudisha nakala. Kisha funga vitabu kwa idadi inayotakiwa na uongeze kimoja juu. Hicho kipeleke mahakamani ulikosomea majalada, umkabidhi Hakimu Mfawidhi aliyekuruhusu, na usisahau kupita masijala kumwonyesha yule karani aliyekuwa akikufungulia mafaili ukurasa wa shukrani wenye kazi yake ndani.